Sauti za Ndani ya Kinanda cha Bi Zuhura

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumapili, Kassim alitualika Bunju kula chakula cha kuhamia nyumba yake. Nyumba ina harufu ya rangi mbichi, chumba cha nyuma bado kimerundikwa mifuko ya saruji, na maji yanaletwa na gari, lakini alisema amechoka kupanga na kwamba choo na jiko vikishakamilika mtu anahamia, mengine yatamkuta humohumo. Tulikaa barazani kwenye viti vya plastiki vya kukodi tukala pilau. Bi Zuhura aliletwa kutoka Temeke na mjukuu wake, Salma, wakakwama muda mrefu kwenye foleni ya Tegeta, na aliteremka kwenye gari akilalamika kwamba Kassim amejenga Bagamoyo kisha anadanganya watu kuwa ni Dar es Salaam. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, kijiko anakishika kwa ngumi, ila masikio na ulimi ni vilevile. Tulipokuwa tunanawa akanitazama, akasema, "Neema, ule uongo wako ulishawahi kuwasimulia hawa?" Kassim akacheka mpaka akaweka jagi chini. Salma akauliza ni uongo gani. Nikamjibu kwamba ni habari ndefu, nitaiandika. Ndiyo hii.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza cheti cha elektroniki, ajira sina, nikapata nafasi ya kujifunza kazi kwa Fundi Salehe, Tandika. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Redio, deki na televisheni zilipangwa mpaka darini, kila moja imebandikwa kipande cha boksi chenye jina la mwenyewe: Mama Asha, Mwalimu, Yule wa Bajaji. Harufu ya solda ilikuwa imeingia hata kwenye mkate. Saa nne asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga iliyopakwa chumvi na pilipili, tukila juu ya meza ileile ya kazi. Fundi Salehe alikuwa na desturi ya kunyamaza kabisa wakati wa kula, na akimaliza ndipo anatoa hukumu ya kifaa alichokuwa anakiwaza. Mengi ninayoyajua kuhusu ufundi niliambiwa na mtu aliyekuwa anajifuta pilipili mdomoni.

Bi Zuhura alikuja asubuhi moja amekibeba kinanda chake kimefungwa kwenye kanga mbili. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yote yako kwa Fundi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha taarabu pale Temeke, mtunzi na mpiga kinanda, na jirani zake walimheshimu na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Umeme ulikuwa umekatika wakiwa mazoezini, ukarudi kwa nguvu, kinanda kikatoa moshi. Kilikuwa kinanda cha aina ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza zamani, chenye zile sauti za katikati za muziki wa Kiarabu ambazo vinanda vya kawaida havina, na fidla yake ilisifika. Watu waliposema wanakitaka kikundi cha Bi Zuhura harusini, nusu yao walikuwa wanaitaka fidla hiyo. Fundi Salehe alikifungua, akakitazama, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Mama, tuseme ukweli. Bodi imeungua na vipuri vyake havipo tena. Hiki hakiponi." Bi Zuhura akakaa kwenye kigoda. Akasema taratibu, "Nimekipiga hiki tangu mwanangu wa kwanza yuko tumboni. Nina harusi mwezi ujao. Niwaambie watu nini?" Hakulia, lakini alianza kukifunga tena kwenye kanga, na akakosea kufunga mara mbili.

Mie nilikuwa nimeshika taa. Niliona kwamba pembeni ya bodi, mbali na palipoungua, kulikuwa na chipu moja kubwa ambayo moto haukuigusa. Ndani ya chipu kama hiyo kiwanda huandika mambo mawili: programu inayokiambia kinanda kifanye nini kidole kikibonyeza, na sauti zenyewe, fidla, ganuni, filimbi, zilizorekodiwa na watu fulani mahali fulani kisha zikageuzwa kuwa namba. Nikasema, "Fundi, je, kama sauti bado zimo?" Fundi Salehe alikuwa na kidude cha kusomea chipu, alichokitumia kwa televisheni zilizopoteza kumbukumbu. Tukaing'oa ile chipu kwa uangalifu wa kung'oa jino, tukaiweka, na kompyuta yake chakavu ikaanza kuandika safu za namba. Ilipomaliza nilikuwa na faili moja dogo. Kinanda kizima cha Bi Zuhura, roho yake yote, kilikuwa kinaingia kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwangu.

Namba peke yake hazipigi muziki, na hapo ndipo alipoingia Kassim. Tulijuana kutoka kwenye mkahawa wa intaneti alikokuwa akifanya kazi, Mwananyamala, Kinondoni, chumba chenye kompyuta kumi na feni moja ambayo wateja wa zamani waliijua na kuikalia karibu. Kassim alijifunza kuandika programu peke yake, kwa kusoma kazi za watu wengine. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya programu huria, zile ambazo mwandishi wake anawapa watu wote ruhusa ya kuzitumia, kuzifungua ndani, kuzirekebisha na kuzigawa, kwa masharti aliyoyaandika kwenye leseni yake. Kwa Kassim jambo hili lilikuwa karibu na dini. Alikuwa akisema, "Mie chuo sijaenda, Neema. Walionifundisha ni watu nisiowajua, waliacha milango wazi." Nilipomwonyesha faili la kinanda hakulala vizuri wiki nzima. Miezi miwili na nusu baadaye alikuwa ameandika programu iliyoigiza kinanda kile: unaunganisha kompyuta na kibodi chochote cha muziki, hata cha bei rahisi kisicho na sauti ya maana, unabonyeza, na ile fidla inatoka.

Harusi za mwezi ule zilikuwa zimeshapita kwa kuazima kinanda cha kikundi kingine, jambo lililomuumiza Bi Zuhura kuliko kukosa kazi. Tulimpelekea kompyuta siku ya Jumamosi, mchana. Sebule yake ninaikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyowahi kuishi: makochi ya maua yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani yenye picha ya Makka, kapeti jekundu lililokwanguka mbele ya mlango, na harufu ya udi na nazi zikigombania hewa. Wanakikundi walikuwa wamekaa wakisubiri tuwachekeshe. Bi Zuhura akaweka mikono juu ya kibodi cha kuazima, akapiga noti moja, akaacha. Akapiga tena. Kisha akapiga wimbo mzima, amefumba macho, na wanawake wakaanza kuimba mmoja mmoja bila kuambiwa. Mzee Maulidi, mpiga fidla wao, mstaafu wa bandarini, mrefu mpaka alikuwa anainama kwenye kila mlango wa Temeke, alitikisa kichwa akasema, "Haya, sasa nafasi yangu wanampa shetani aliye kwenye kompyuta." Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Kassim alipakuliwa mara tatu kwa nguvu.

Kama tungeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika. Kinanda kilikuwa cha Bi Zuhura, nakala ilikuwa ya kumfaa yeye, na sidhani kama kuna mtu angemgombeza. Lakini tulijua vikundi vingine vyenye kiu ileile, na kwaya, na Kassim alitaka kulipa fadhila kwa wale waliomwachia milango wazi. Tukaamua kuipeleka programu kwenye hazina moja kubwa ya programu huria, inayokusanywa na watu wanaojitolea na kusambazwa dunia nzima, hata mashuleni. Kassim alishughulika na msimbo, yale maandishi yenyewe ya programu. Mie, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kizuri zaidi, nikashika barua. Bila faili la chipu programu haikuwa na sauti hata moja, kwa hiyo nikaliweka humohumo ndani ya furushi la programu, na juu ya furushi zima nikabandika leseni yetu: kazi ya Neema na Kassim, ruhusa kwa wote. Mtunzaji wa hazina aliyepokea kazi yetu alijiita Henrik. Aliisifu, akauliza maswali mawili ya kitaalamu, kisha akauliza la tatu: hili faili la sauti ni la nani, nani aliliandika?

Nilikaa mbele ya swali hilo muda mrefu, kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, nikiwa nimeshika chapati ya mfuko ambayo nilisahau kuila. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshalifungua faili lile na kuona, katikati ya namba zisizosomeka, mstari wa herufi za kawaida wenye jina la kiwanda na maneno kwamba haki zote zimehifadhiwa. Nikajiambia kiwanda kimeshakufa, na hata kikiwa hai hakijui Temeke iko wapi. Nikajiambia na mengine, ambayo ukiyapanga vizuri yanafanana na haki. Kisha nikaandika: ni letu. Maneno mawili. Henrik akashukuru, akasema furushi litaingia kwenye toleo lijalo. Nilimwambia Kassim tumekubaliwa, akanikumbatia mbele ya wateja, na kwa siku kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha ambaye hapendi kukaa peke yake.

Kilichoniangusha nilikisikia kwa bahati. Nilikuwa sebuleni kwa Bi Zuhura, nimepiga magoti nyuma ya kochi nikirekebisha waya wa spika, na yeye alikuwa jikoni na jirani yake wakichambua mchele. Jirani alikuwa amesikia wimbo mmoja wa Bi Zuhura redioni, alioutunga kwa harusi ya mdogo wake. Akamsifia. Bi Zuhura akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, isiyo na mzaha. "Na mtangazaji kasema mtunzi nani?" Jirani akasema hakusikia. "Hukusikia kwa kuwa hakusema. Alikuja kijana na kinasa sauti, nikampikia, akarekodi, akaenda kuutoa kwenye kanda. Kwenye karatasi ya kanda kaandika: wimbo wa asili. Mie ndiyo asili? Mie nina jina. Baba yangu alichinja mbuzi siku ya kunipa." Ungo ukatikiswa. "Angeniomba ningempa. Ningempa bure. Hilo ndilo linaloniuma, angeniomba tu."

Nilibaki nyuma ya lile kochi na waya mkononi. Kuna aibu inayokuja mtu akikugombeza, na kuna nyingine inayokuja mtu akizungumza na jirani yake bila kujua kuwa upo. Hii ya pili sijawahi kuipatia dawa isipokuwa moja. Siku iliyofuata asubuhi, mkahawa ukiwa ndiyo kwanza unafunguliwa, nilimwandikia Henrik kwamba nilidanganya, kwamba faili si letu, limetoka kwenye chipu ya kiwanda, na Kassim hakujua nimejibu nini. Jibu lake lilikuja mchana. Hakunitukana. Alisema ameliondoa furushi lote. Alieleza kwamba hazina ile inaaminiwa kwa sababu kila kilichomo kina mwenye kukitoa, na kwamba mtu anayekichukua kitu humo leo, Peru au India, akajenga kazi yake juu yake anastahili kuwa na uhakika kwamba hatakuja kudaiwa haki za mtu mwingine kesho. Kuhusu programu ya Kassim alisema ni njema, na ikirudi bila lile faili ataipokea. Nilisoma barua ile mara nne. Nimeandika nyingi za namna hiyo tangu wakati huo, maana ndiyo imekuwa kazi yangu, na bado najaribu kuandika kwa upole ule.

Kumwambia Kassim ilikuwa ngumu kuliko kumwambia Henrik. Alikuwa anapanga viti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na jina langu lipo pale?" Nikasema lipo. "Kwenye uongo, jina langu lipo." Nikamwomba radhi. Akasema, "Sista, mie sina cheti. Sina ofisi. Nilicho nacho kule kwa wale watu ni jina tu, wakiliona wanajua kazi ni safi. Umeliweka jina langu juu ya kitu cha wizi." Akaendelea kupanga viti. Zikapita siku tisa bila neno. Fundi Salehe aliona ninachoma vidole kwa solda, na siku moja baada ya chai akasema tu, "Mtu akikukasirikia na bado anafanya kazi mahali palepale, ujue anasubiri ufike." Nilienda mara mbili nikaishia mlangoni.

Aliyetukalisha pamoja ni Bi Zuhura, ambaye hakuwa amepata habari yoyote na alituita wote wawili kula biriani kwa sababu zake mwenyewe. Ilinibidi nimweleze. Nilimweleza yote, isipokuwa kwamba nilimsikia jikoni, ambalo nilikuja kumwambia miaka baadaye. Mwanzoni alinitetea. "Kwani kinanda si changu? Nilikinunua kwa pesa yangu, sikuiba kwa mtu." Kassim, ambaye mpaka hapo hakuwa amenitazama, akajibu kwa adabu, "Kinanda ni chako, mama. Ukitaka kukiuza, kukivunja, kukipiga mchana kutwa, hakuna wa kukuuliza. Lakini mtu akinunua kanda yenye wimbo wako, kanda ni yake. Wimbo unabaki wako." Bi Zuhura akaacha kutafuna. Alimtazama Kassim, akanitazama mie, kisha akatazama sahani. Akauliza, "Aliyeziandika hizo sauti ana jina?" Kassim akasema bila shaka analo, ila sisi hatulijui. "Basi atafutwe. Aombwe." Na kwangu akasema, "Wewe uliyeandika uongo ndiye utakayeandika ombi. Kalamu yako iende ikaoge." Kassim akatabasamu bila kutaka, na nikajua ananirudia.

Tuliandika ombi kwa siku mbili, watu watatu kwenye benchi moja, Bi Zuhura akitaka kila sentensi itafsiriwe ili aone kama ina heshima ya kutosha. Alishikilia tuanze kwa kuwapa pole ya kazi. Kiwanda kile kilikuwa kimenunuliwa na kampuni nyingine, na hiyo ikamezwa na nyingine, kwa hiyo barua yetu ilizungushwa mlango kwa mlango. Ilipita miezi miwili kabla ya jibu, mistari michache ya mwanasheria mstaarabu. Walifurahi kusikia kinanda chao kinapendwa Tanzania. Walitafuta kwenye makabrasha ya zamani lakini hawakuweza kuthibitisha ni wapigaji gani waliorekodi sauti zile na kwa mkataba gani, na kwa hiyo hawawezi kutoa ruhusa ya kitu ambacho hawana hakika kuwa ni chao kukitoa. Nilidhani Bi Zuhura atakasirika. Aliniomba nisome tena pale panaposema wapigaji. "Kumbe ile fidla ilipigwa na mtu," akasema. "Mtu alikaa kwenye kiti, akapiga, wakamrekodi, na leo hata wao hawamjui." Akageuka mlangoni, ambako Mzee Maulidi alikuwa anavua viatu. "Na sie tunaye mtu."

Ndivyo ulivyoanza mwezi ambao, nikiulizwa leo nirudishiwe mmoja katika maisha yangu, ningeuchagua bila kufikiri. Tulikigeuza chumba cha kulala cha Bi Zuhura kuwa studio. Magodoro matatu yalisimamishwa kwenye kuta, blanketi likatundikwa dirishani, kapeti jekundu likahamishwa kutoka sebuleni. Kinasa sauti alikiazima Kassim kwa mteja wake wa mkahawa. Kazi ilikuwa ya kuchosha: kila noti ya fidla ipigwe peke yake, kwa nguvu, kwa wastani, kwa upole, na zile za katikati pia, kisha udi, ile ala ya nyuzi, aliyoupiga mwanamke mmoja wa kikundi, kisha kodiani, kinanda cha kuvuta na kukunja, aliyoipiga Bi Zuhura mwenyewe. Mzee Maulidi alihangaika siku ya kwanza. "Miaka arobaini napiga nyimbo," alisema, "leo nimerudishwa darasa la kwanza. A. A. A." Lakini siku ya pili alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, maana alikuwa amesikia kwamba sauti hizi zitaondoka nchini.

Temeke haikuwahi kunyamaza kwa ajili ya mtu, ilitubidi tuibembeleze. Kuku walipelekwa kwa jirani. Muuza aiskrimu mwenye honi aliombwa apite mtaa wa pili, akakubali kwa sharti la kuingia kusikiliza, akasimama kwenye kona ya godoro bila kupumua. Kikwazo kikubwa kilikuwa mashine ya kusaga ya nyumba ya pili, iliyotetemesha mpaka vikombe. Bi Zuhura hakwenda kugombana. Alituma sinia la biriani, na kesho yake la pili, na siku ya tatu mwenye mashine mwenyewe alikuja kuuliza kama kuna jambo. Wakaelewana kwamba kuanzia saa nane mpaka saa kumi mashine inapumzika. Ndani ya saa hizo mbili tulifanya kazi tukitoka jasho, tukizuia vicheko, kwa kuwa hakuna kinachochekesha kama kukatazwa kucheka. Noti moja ya udi tuliirudia mara kumi na mbili kwa sababu tumbo la Kassim lilikuwa linaunguruma. Adhana ya alasiri ikianza tuliacha, wenye kusali wakasali, mie nikakaanga kachori, tukazila za moto huku tukisikiliza tulichorekodi.

Leseni nayo ilitaka kikao chake. Kassim alikuwa ameapa kwamba safari hii hakuna sauti itakayotoka bila mwenyewe kuelewa na kuandika kwa mkono wake. Akawasomea masharti kwa Kiswahili alichokitafuta mwenyewe: mtu yeyote aruhusiwe kutumia, kurekebisha na kugawa, mradi ataje walioipiga, na atakachokitengeneza kwa sauti hizo akigawe kwa masharti hayohayo. Bi Zuhura alikuwa na maswali. "Na mtu akiuza?" Kassim akasema anaruhusiwa. Sebule ikachafuka. Mzee Maulidi akasema yeye hajapiga fidla ili mtu wa mbali afanye duka. Kassim hakubembeleza. Alisema ndivyo programu huria zilivyo, na kwamba kama hawataki, faili litabaki kwa kikundi na hakuna atakayewalaumu. Bi Zuhura akafikiri. "Akiuza, ananitaja?" Anakutaja. "Na aliyenunua kwake, naye anaruhusiwa kuwagawia wenzake bure?" Anaruhusiwa. "Basi atauza mara moja tu, mtaa mzima wakishapata atamuuzia nani." Wanawake wakacheka, Mzee Maulidi akacheka mwisho. Lakini siku hiyo hakuna aliyesaini. Bi Zuhura alichukua karatasi ile, akakaa nayo wiki nzima, na Jumamosi akairudisha ikiwa na jina lake kamili, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Chini yake lilikuwa la mpiga udi, kisha la Mzee Maulidi, na kando ya jina aliandika "fidla", asije mtu akadhani yeye ni wa udi.

Henrik alipokea furushi jipya na safari hii hakuuliza swali la tatu, kwa kuwa karatasi zilizosainiwa tulizituma mwanzoni kabisa. Aliuliza tu jinsi ya kutamka Zuhura. Wiki chache baadaye kikundi kilipiga kwenye sherehe ya harusi ya wanawake, alasiri, Mtoni, na kompyuta ilikuwa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa ili watu wasiione. Wapo waliosema fidla ya zamani ilikuwa nyororo zaidi. Ilikuwa kweli. Ya Mzee Maulidi ilikuwa na ukavu kidogo na ilifika kwenye noti kwa madaha yake, lakini ilipoanza kulia mama wa bibi harusi akainuka, na baada yake hakubaki mtu kitini. Kassim alisimama nje ya turubai na wanaume wengine, amekunja mikono, akijifanya anasubiri soda. Nilienda kusimama karibu naye. Akasema, bila kugeuka, "Hii sasa ni safi." Hatujawahi kulizungumza tena lile jambo kama ugomvi. Leo linasimuliwa kwa kicheko, na mie ndiye ninayechekwa, na sina ninachodai.

Watu huniuliza kwa nini nimetumia maisha yangu kwenye kazi inayoonekana kavu hivi, kukaa ofisini Kinondoni nikipekua mafaili ya programu na kuuliza hili aliandika nani, hili limetoka kifaa gani, ruhusa yake iko wapi. Vijana ninaofanya nao kazi huchoka. Huniambia, dada, ishu ndogo hii, kifaili chenyewe kidogo, kila mtu anakitumia, kiwanda hakijali. Wana hoja, na mara nyingine ni kweli kwamba kiwanda hakijali. Siwahubirii. Nawauliza tu kama wameomba, na nimeshaona mara nyingi kwamba anayeombwa hukubali, na asipokubali mtu hulazimika kutengeneza chake, na hicho chake hutokea kuwa na jina la mtu anayemfahamu. Yule mpiga fidla wa kiwandani sikuwahi kumjua. Bado huwa najiuliza alikuwa nani, na kama alilishwa vizuri siku ile.

Mwishoni mwa mwaka ule ilikuja barua pepe ya kwanza kutoka kwa mtu tusiyemjua, kijana wa Tanga mwenye kikundi kidogo cha muziki. Alikuwa ameikuta programu kwenye kompyuta za shule anayofundisha. Aliandika kwa Kiswahili, akaanza na salamu nyingi, kisha akasema dada yake anaolewa na anaomba ruhusa ya kutumia fidla ya Mzee Maulidi na kodiani ya Bi Zuhura kwenye harusi hiyo. Niliipeleka Temeke nimeichapisha kwenye karatasi. Wote walikuwepo, ilikuwa karibu na saa ya chakula. Niliisoma kwa sauti, na Kassim akaeleza kwamba kijana hakuwa na haja ya kuomba, leseni ilishamruhusu, ndiyo maana yake. Bi Zuhura alikuwa anapakua wali. Akaweka upawa chini, akajifuta mikono.

"Kaomba," akasema. "Mjibuni."

Nikatoa kalamu. Alisimama katikati ya sebule akanisomea maneno, na Mzee Maulidi akiongeza yake: ruhusa anayo, na dada yake apewe hongera, na wimbo wa kumtoa bibi harusi asiuharakishe, fidla ile haipendi haraka, na wakimaliza atuandikie ilikuwaje. Niliandika yote kama walivyosema, sikupunguza neno. Kassim akaichukua karatasi aende kuituma kesho yake asubuhi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, na Bi Zuhura akarudi kwenye wali, akaniita nishike sahani.